Anders Celsius na Digrii Mia

Yako majina ambayo watoto wetu huyatamka kila wiki katika masomo ya Sayansi na Hesabu bila ya kutambua kwamba yalikuwa majina ya watu. Celsius ni mojawapo. Mwanafunzi wa shule ya msingi husoma kitabuni kwamba maji huganda kwenye digrii sifuri na huchemka kwenye digrii mia. Huyakariri hayo kama anavyokariri jedwali la kuzidisha, na mwalimu huridhika. Shule ikiwa Tanga au Dar es Salaam, hapatatokea tatizo. Lakini shule ikiwa Mbeya, na mwalimu akiwa katika wale wapendao majaribio, siku atakayochemsha maji mbele ya darasa ataona zebaki ikipanda mpaka karibu na digrii 94 na kusimama hapo. Ataongeza moto, maji yatatokota kwa nguvu zaidi, wala zebaki haitapanda tena. Mwanafunzi atakayeandika 94 katika daftari lake ameandika alichokiona kwa macho yake. Mwalimu anayefuata kitabu atamkosesha.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mtoto aliyekoseshwa kwa kuandika ukweli hujifunza siku ile kwamba katika Sayansi macho hayana kazi, kazi ni ya kitabu. Nasi twaona ajabu zaidi tukikumbuka kwamba jawabu la tatizo hili lilitolewa mwaka 1742, tena na mtu yule yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye kipimajoto. Kwa hiyo tumeona vema kuyaeleza maisha yake kwa kirefu kidogo. Wengi humtaja kwa sentensi moja tu, na sentensi yenyewe aghalabu si ya kweli: husemwa kwamba Celsius aligundua kipimajoto, jambo ambalo hakulifanya. Vipimajoto vilikuwapo kabla hajazaliwa.

Anders Celsius alizaliwa tarehe 27 Novemba 1701 katika mji wa Uppsala, nchini Uswidi, mji wenye chuo kikuu cha zamani. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa hesabu na elimu ya nyota. Babu yake mzaa baba, Magnus Celsius, alikuwa profesa hapo Uppsala; babu yake mzaa mama, Anders Spole, alikuwa profesa wa elimu ya nyota; na baba yake, Nils Celsius, naye alishika kazi hiyo hiyo. Mzee Spole alikuwa amejenga nyumbani kwake jumba la kutazamia nyota. Mwaka 1702, mjukuu akiwa angali mtoto mchanga, moto mkubwa uliuteketeza mji wa Uppsala, na jumba lile likateketea pamoja na mengine. Hivyo Celsius alirithi elimu ya wazee wake, lakini vyombo hakuvirithi. Miaka karibu arobaini ilipita kabla Uppsala haijapata tena jumba la kazi hiyo, na aliyelipatia ni yeye.

Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja hivi alianza kumsaidia profesa wake, Erik Burman, katika kazi ambayo kwa watu wengi ingeonekana ya kuchosha: kusoma kila siku kipimajoto na barometa, na kuandika. Daftari hizo za hali ya hewa zilianza mwaka 1722. Wakati huo huo aliendelea kuandika habari za mianga ya kaskazini, ile nuru ya ajabu inayocheza angani usiku katika nchi za baridi. Mwaka 1733 alichapisha katika mji wa Nuremberg maelezo ya matukio 316 ya mianga hiyo, yaliyotazamwa na yeye pamoja na wenzake tangu mwaka 1716 hadi 1732. Hakuwa na maelezo ya kutosha juu ya asili ya mianga hiyo. Alichokuwa nacho ni tarehe, saa na mahali.

Twapenda kutaja na jiwe la Lövgrund, kwa maana ni mfano unaofaa sana darasani. Wavuvi wa pwani ya mashariki ya Uswidi walikuwa wakisema tangu zamani kwamba bahari inapungua: miamba ambayo babu zao waliwawindia sili ilikuwa imeinuka mno juu ya maji hata sili hawakuweza tena kuipanda. Wengine waliyapuuza maneno hayo kuwa ni hadithi za wazee. Celsius hakuyapuuza, wala hakuyakubali hivi hivi. Mwaka 1731 aliagiza mstari uchongwe katika mwamba mmoja wa kisiwa cha Lövgrund, sawasawa na usawa wa maji. Basi. Baadaye, mwaka 1743, alipiga hesabu ya kasi ya kupungua kwa maji na kuitangaza. Katika maelezo yake alikosea, kwa sababu si bahari iliyokuwa ikishuka. Ni nchi yenyewe iliyokuwa ikiinuka polepole, kama godoro linavyoinuka mtu akiondoka juu yake, baada ya barafu nzito ya zama za kale kuyeyuka. Hayo yalifahamika muda mrefu baada ya kufa kwake. Lakini mstari haukukosea. Waliokuja baada yake waliukuta mwambani, wakapima kutoka hapo, na wakapata kuisahihisha fikira yake kwa kipimo chake mwenyewe.

Mwaka 1730 alifanywa profesa wa elimu ya nyota, akiwa hajatimiza miaka thelathini. Alikuwa profesa asiye na jumba wala vyombo vya maana, kwa hiyo mwaka 1732 aliomba ruhusa akasafiri kuona wenzake wanavyofanya kazi. Alikwenda Ujerumani, akakaa Italia, kisha akafika Paris. Huko alijikuta katikati ya ubishi mkubwa.

Wanazuoni wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya umbo la dunia. Newton, kwa hesabu zake za nguvu ya uvutano, alikuwa amesema kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake za kaskazini na kusini, mithili ya chungwa. Jamaa ya Cassini, waliosimamia jumba la nyota la Paris, kwa vipimo walivyovichukua ndani ya Ufaransa, walisema kinyume: dunia imerefuka kwenye ncha, mithili ya yai. Kama dunia imebonyea, basi digrii moja ya latitudo huko kaskazini itakuwa ndefu kuliko digrii moja ya nchi zilizo karibu na ikweta; kama imerefuka, itakuwa fupi. Hapakuwa na njia ya kukata shauri isipokuwa kwenda kupima. Mwaka 1735 kundi moja lilipelekwa Amerika ya Kusini, katika nchi ambayo sasa huitwa Ekwado. Kundi la pili, chini ya Maupertuis, lilitakiwa kwenda kaskazini kabisa. Celsius alishauri bonde la mto Torne, kwenye nchi ya Lapland, iliyokuwa chini ya Uswidi. Akaenda London kutafuta vyombo kwa fundi mashuhuri George Graham. Na mwaka 1736 akasafiri pamoja na Wafaransa hao.

Kazi yenyewe yafaa ielezwe, kwa sababu ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la saba aweza kuielewa kwa mchoro. Huwezi kunyosha kamba kilomita mia moja kupita misituni na mitoni. Lakini ukipima upande mmoja tu wa pembetatu, kisha ukapima pembe zake, hesabu itakupa pande nyingine mbili. Na upande uliouhesabu huwa mwanzo wa pembetatu inayofuata. Kwa hiyo katika majira ya joto walipanda vilima, mbu wakiwatesa kupita kiasi, wakakata miti iliyoziba macho, wakasimamisha alama za magogo yaliyobanduliwa magome ili yang'are, na kupima pembe kutoka kilima hadi kilima. Mwezi wa Desemba, mto ulipoganda ukawa uwanja tambarare wa barafu, walipima ule upande mmoja wa kwanza.

Walikuwa wamechukua kutoka Paris fimbo ya chuma yenye urefu wa toise moja, kipimo cha Wafaransa wa zamani hizo, ambacho ni karibu mita 1.95. Kwa fimbo hiyo walikata miti mirefu ya msonobari ya kupimia. Lakini chuma husinyaa kwa baridi. Toise ya Paris isingekuwa toise ile ile katika baridi ya Lapland. Ndiyo maana waliilinganisha ndani ya chumba kilichotiwa moto, wakiangalia kipimajoto mpaka joto likaribie lile la Paris. Twamwomba msomaji asimame kidogo hapa. Hawa walikuwa wakipima urefu, na urefu wao haukuweza kuaminika bila ya kipimo cha joto. Nacho kipimajoto walichokitumia kilikuwa kimoja katika aina nyingi zisizopatana.

Waligawanyika makundi mawili, kila kundi likapima umbali wote. Jumla ilikuwa toise 7,406 na kitu, yaani zaidi ya kilomita 14, na tofauti baina ya makundi mawili ilikuwa inchi nne tu za Kifaransa, kiasi cha sentimita 11. Baada ya kumaliza pembetatu na kutazama nyota katika ncha zote mbili, walipata kwamba digrii moja huko kaskazini ina toise 57,437 na ushei, ambapo karibu na Paris ilikuwa imepimwa kuwa 57,060. Digrii ya kaskazini ilikuwa ndefu zaidi. Newton alikuwa amesema kweli.

Hata hivyo mwaka 1801 hadi 1803 Waswidi walipima tena mahali pale pale, wakaona kwamba kipimo cha kundi la Maupertuis kilizidi kwa zaidi ya toise 200. Tofauti ya inchi nne juu ya barafu haikuwa dhamana ya kazi nzima. Mara nyingi walimu tunaporuhusu wanafunzi wawili wapime meza moja, na wote wakapata sentimita 83, twasema kipimo ni sahihi. Huenda si sahihi. Huenda rula waliyoitumia wote wawili imekatika ncha. Kupatana kwa wapimaji ni jambo moja, na usahihi wa kipimo ni jambo jingine, na yafaa maneno haya mawili yasichanganywe tangu darasa la tatu.

Celsius aliporudi Uppsala alikuwa mtu mwenye jina, na Mfalme wa Ufaransa alimpa malipo ya kila mwaka. Heshima hiyo aliitumia kudai jumba la nyota. Nyumba ya zamani ilinunuliwa katikati ya mji, ikajengwa upya na kuongezewa mnara, na kazi ikaanza humo mwaka 1741. Miaka mitatu tu ndiyo aliyobakiwa nayo, lakini ni miaka iliyojaa. Pamoja na shemeji yake, Olof Hiorter, aliitazama sindano ya dira usiku na mchana, wakagundua kwamba mianga ya kaskazini inapowaka sana sindano hutetemeka na kupotoka. Alipima mwanga wa nyota kwa njia ambayo hata shule isiyo na kitu ingeweza kuiiga: alitazama nyota kupitia vipande vya kioo vilivyofanana, akiongeza kimoja kimoja mpaka nyota isionekane tena. Nyota ya Sirius, iliyo angavu kuliko nyota zote za usiku, ilihitaji vioo 25. Kipande cha kioo kikawa kizio chake cha kupimia. Vizio hutengenezwa na watu. Havikushuka kutoka mbinguni.

Sasa tufike kwenye kipimajoto.

Wazee wetu wa pwani walipima nguo kwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kipimo hicho kina faida moja kubwa, kwamba mtu hawezi kukisahau nyumbani. Ila mnunuzi mwenye busara alipenda nguo yake ipimwe na muuzaji mwenye mkono mrefu. Hali ya vipimajoto vya Ulaya katika ujana wa Celsius ilikuwa kama ya dhiraa. Fahrenheit alianza sifuri yake katika mchanganyiko wa barafu na chumvi, akaweka 32 kwa barafu inayoyeyuka na 96 kwa joto la mwili wa mtu. Réaumur, mwaka 1730, aliweka sifuri kwenye kuganda kwa maji na 80 kwenye kuchemka. Delisle, aliyefanya kazi Urusi, alianza sifuri kwenye kuchemka na kuhesabu kwenda chini hadi 150. Na hao ni wachache tu. Mtu wa Paris akimwandikia mwenzake wa Uppsala kwamba jana joto lilikuwa 20, barua hiyo haikuwa na maana mpaka aeleze 20 ya nani.

Celsius hakuanza kwa kugawanya kitu mia. Alianza kwa kuuliza swali ambalo wengi walilipita: alama mbili tunazozitegemea, kuganda na kuchemka, je, zenyewe zimesimama? Maana fimbo haiwezi kuwa imara kuliko vigingi vinavyoishikilia. Kwa miaka miwili, katika miezi ya baridi, alichomeka kipimajoto katika theluji inayoyeyuka. Siku za hewa nzito na siku za hewa nyepesi, anga likiwa safi au la mawingu. Zebaki ilirudi pale pale. Alilinganisha na yale yaliyoonekana Torneå, kaskazini sana. Pale pale. Kigingi cha kwanza kilikuwa imara.

Kisha akachemsha maji. Hapo mambo yalikuwa mengine. Zebaki ilisimama juu kidogo siku moja na chini kidogo siku nyingine, na alipolinganisha na barometa aliona sababu: kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyokandamiza juu ya maji, ikiongezeka, maji huchemka kwenye joto kubwa zaidi, ikipungua, huchemka mapema. Fahrenheit alikuwa ameliona jambo hilo kabla yake. Celsius alilipima, akatoa kanuni ya kusahihisha, na akaweka sharti: digrii ya kuchemka ihesabiwe wakati barometa ikiwa kwenye inchi 25.3 za Kiswidi, ambazo ni karibu milimita 751. Mwaka 1742 aliyaandika haya yote katika makala fupi kwa Akademia ya Sayansi ya Kifalme ya Uswidi, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1739. Baina ya vigingi viwili, kimoja kisichotikisika na kingine kilichofungwa kwa sharti, ndipo alipogawanya sehemu mia.

Basi mwanafunzi wa Mbeya hakukosea. Digrii mia ni ya maji yachemkayo chini ya kanieneo maalumu, ambayo ni takriban ile ya usawa wa bahari. Kadiri tunavyopanda, hewa iliyo juu yetu hupungua, na maji huchemka kwenye joto dogo zaidi, kiasi cha digrii moja kwa kila mita 300. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukigawanya kwa 300 utapata kati ya 5 na 6, na ukitoa katika 100 utabakiwa na 94 na kitu. Dodoma, yenye mita 1,120 hivi, itatoa karibu 96. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, maji yangechemka kwenye digrii 80 hivi. Hesabu hizi ni za kukisia, lakini hukaribia sana, na ni za darasa la sita. Mama wa nyanda za juu anayelalamika kwamba maharage hayaivi upesi hana kuni mbaya. Maji yake yanayotokota si ya moto kama ya Dar es Salaam.

Anayetaka kulifanya jaribio hili na achukue tahadhari. Kipimajoto cha hospitali kisitiwe kabisa katika maji yanayochemka, kwa kuwa kimetengenezwa kwa joto la mwili tu, nacho kitapasuka. Kile cha maabara nacho kisigusane na sehemu ya chini ya sufuria. Zebaki ni sumu; chombo kikivunjika watoto wasiishike wala wasiichezee. Shule yenye kipimajoto cha spiriti na ihakikishe kwanza kwamba kinafika digrii 110. Na kwa upande wa sifuri, barafu iwe imeanza kuyeyuka, ichanganyike na maji yake. Barafu kavu itokayo moja kwa moja kwenye friza huwa baridi kuliko sifuri, na mwalimu atawachanganya wanafunzi pasipo sababu.

Liko jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Katika skeli ya Celsius mwenyewe, maji yalichemka kwenye sifuri na kuganda kwenye mia. Kadiri joto lilivyoongezeka, namba ilipungua. Kipimajoto alichokitumia kilikuwa kazi ya Delisle, na Delisle naye alihesabu hivyo. Labda pia ilimpendeza mtu wa Uswidi kuandika baridi ya miezi yote bila ya kuingia chini ya sifuri. Kugeuzwa kwake kulifanywa na wengine. Jean-Pierre Christin wa Lyon, Ufaransa, alitumia skeli ya sehemu mia yenye sifuri kwenye kuganda tangu mwaka 1743. Katika Uppsala yenyewe hutajwa fundi Daniel Ekström, profesa Mårten Strömer aliyeshika nafasi ya Celsius, na Linnaeus, mtaalamu wa mimea, aliyehitaji kipimajoto cha namna hiyo katika nyumba ya vioo ya bustani yake. Nani hasa alikuwa wa kwanza si jambo la kutushughulisha hapa.

Lakini kugeuka huko kunatupa somo la hesabu ambalo ni nadra kuliona katika maandalio ya masomo. Mwulize mwanafunzi: maji ya digrii 40 yana joto mara mbili ya maji ya digrii 20? Karibu wote watasema ndiyo, kwa kuwa fimbo ya sentimita 40 ni mara mbili ya fimbo ya sentimita 20. Sasa waandikie ubaoni skeli ya Celsius ya mwaka 1742. Maji ya 20 huwa 80, na maji ya 40 huwa 60. Mara mbili imekwenda wapi? Waandikie na ya Fahrenheit: 68 na 104. Si mara mbili pia. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa sifuri, na sifuri hiyo iliwekwa na watu kwa manufaa yao. Si sifuri ya fimbo, ambayo maana yake ni kwamba hakuna fimbo. Kutoa kunaruhusiwa: tofauti ya joto ni digrii 20 hata skeli igeuzwe juu chini. Kuzidisha na kugawanya joto kwa joto hakuruhusiwi. Mwanafunzi akilifahamu hili atajua pia kwa nini, anapogeuza Fahrenheit kuwa Celsius, lazima aondoe 32 kwanza ndipo azidishe kwa tano na kugawanya kwa tisa: hatua ya kwanza huzilinganisha sifuri, ya pili hulinganisha ukubwa wa digrii, kwa kuwa sehemu 180 za mmoja ni sehemu 100 za mwingine.

Celsius hakuiona skeli yake ikigeuzwa na kuenea. Alishikwa na kifua kikuu, akafa tarehe 25 Aprili 1744, akiwa na umri wa miaka 42. Alizikwa katika kanisa la Gamla Uppsala, nje kidogo ya mji, karibu na babu yake Magnus. Mradi wake mwingine, wa kuitaka Uswidi ikubali kalenda ya Gregori kama nchi nyingine nyingi za Ulaya, ulitimizwa mwaka 1753.

Kwa miaka mingi skeli yake iliitwa sentigredi, maana yake hatua mia, na wazee wengi wangali wakiiita hivyo. Mwaka 1948 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba jina la kizio liwe digrii ya Celsius. Vigingi vyenyewe navyo vimebadilishwa. Mwaka 1954 iliamuliwa kwamba skeli ya joto isisimamishwe tena kwa kuganda na kuchemka kwa maji katika kanieneo ya kawaida, bali kwa hali ile ya pekee ambapo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja. Na tangu 2019 kizio cha joto hutegemea namba ya kudumu ya Boltzmann. Kwa vipimo vya leo vilivyo makini sana, maji ya usawa wa bahari huchemka kwenye digrii 99.97 hivi, wala si 100 kamili. Kwa kazi ya darasani tofauti hiyo haionekani.

Jumba la nyota la Celsius lingali limesimama mjini Uppsala, ingawa halitumiki tena kutazamia nyota. Kazi iliyoendelea ni ile ya ujana wake: joto la Uppsala limeendelea kupimwa na kuandikwa, na daftari zilizoanza mwaka 1722 sasa zina habari za miaka zaidi ya mia tatu. Wanaochunguza mabadiliko ya tabia ya nchi huzisoma leo, wakianza kwa kuzigeuza namba za mwanzo, zilizoandikwa kwa skeli zilizokwisha kufa, ziwe digrii za Celsius.